Reli ya Milimita 20

Karakana ya mtoto wa shangazi yangu iko kando ya barabara ya Mbinga, unapokaribia Songea mjini. Ukipita kwa basi utaona tu milango ya mninga imeegemezwa ukutani na kibao kilichoandikwa kwa mkono. Ndani, nyuma ya turubai, kuna mashine aliyojiundia mwenyewe: meza ya chuma, daraja linalokwenda mbele na nyuma juu ya meza hiyo, na mota inayoning'inia kwenye daraja ikiwa imeshika kisu cha kuchongea. Kompyuta mpakato ya zamani ndiyo inayoamuru. Unachora ua, mashine inalichonga kwenye mbao.

Miezi ya mwanzo ilichonga vizuri. Kisha maua yakaanza kupotoka. Pembeni mwa ubao mchoro ulitoka safi, lakini katikati kisu kilizama zaidi, na mstari uliotakiwa kunyooka ukaota tumbo. Milango sita ya mteja mmoja ikarudishwa. Mbao zilikuwa zimetoka Tunduru kwa gharama, na malipo ya awali yalikwisha kutumika kulipa mkopo wa kikundi. Aliponipigia simu hakusema kwamba mashine imeharibika. Alisema, "Shikamoo dada. Reli zimenishinda."

Nilicheka. Mimi ni mwalimu wa historia, na mtu wa Songea akiniambia habari za reli, akili yangu inakwenda moja kwa moja kwenye treni ambayo haijawahi kufika kwetu. Naye alikuwa anazungumzia vyuma viwili ambavyo daraja lake linatembea juu yake. Muuzaji mmoja alikuwa amemuuzia fimbo za mviringo zenye kipenyo cha milimita 16, zilizoshikwa kwenye ncha mbili tu, kama kamba ya kuanikia nguo. Fimbo ya namna hiyo ina hesabu yake mbaya: ukiongeza urefu mara mbili, kwa mzigo uleule, itabonyea mara nane. Kaka wa watu alikuwa amerefusha meza yake ili aweze kuchonga mlango mzima.

Sasa alitaka kununua reli za kweli, zile za mraba zinazolala juu ya kitanda cha chuma na kufungwa kwa boliti urefu wote. Zinauzwa kwa namba: 15, 20, 25, 30, 35, 45. Namba ni upana wa reli kwa milimita, au unaokaribiana nao. Juu ya kila reli hutembea kipande cha chuma ambacho yeye na mafundi wenzake wanakiita behewa, na ndani ya behewa kuna gololi ndogo zinazozunguka kwenye mifereji yake, zikibeba mzigo upande mmoja na kurudi upande wa pili bila mzigo. Alitaka namba 30. "Nikikosea, afadhali nikosee kwa ukubwa," alisema. Aliniomba nisome katalogi, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kigumu.

Nikasoma. Na kwa kuwa siwezi kusoma kitu bila kuuliza kilianza lini, nikajikuta mbali.

Mwishoni mwa karne ya 18, fundi Mwingereza Henry Maudslay alitengeneza mashine ya kukereza ambayo kisu chake hakikushikwa na mkono wa mtu. Kilifungwa kwenye kitoroli kilichotembea juu ya vyuma vilivyonyooka, kikisukumwa na skrubu ndefu. Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, lakini mashine yake ndiyo iliyofanya wazo hilo liwe kazi ya kila siku. Kabla ya hapo unyoofu wa skrubu ulitegemea mkono wa fundi aliyeikata, na mkono huchoka. Tangu hapo unyoofu ukahamia kwenye reli. Mashine haiwezi kutengeneza kitu kilichonyooka kuliko njia inayopitia. Hapo ndipo milango sita ilipopotelea.

Gololi zina ukoo mwingine. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, Wales, alipata hataza ya ekseli ya gari la farasi iliyozunguka juu ya gololi. Baadaye baiskeli zikazifanya maarufu. Lakini kuziweka gololi zitembee kwenye njia iliyonyooka, zifike mwisho na kurudi zenyewe, na wakati huohuo zibebe mzigo kutoka juu, chini na pembeni, lilikuwa fumbo la muda mrefu. Mwaka 1972 kampuni ya THK ya Japani ilitoa reli na behewa la gololi linalofanana na haya tunayoyaona leo. Ni jambo la juzi tu. TAZARA ilikuwa inajengwa.

Nilipofika kwenye TAZARA nikaiweka katalogi chini, kwa sababu nilitambua kwamba swali la mdogo wangu lilikuwa limeulizwa kuhusu Songea kwa zaidi ya miaka 100, na watu ambao wengi wao hawakuishi Songea. Reli ya ukubwa gani? Kwa mzigo upi?

Wa kwanza walikuwa Wajerumani. Kamati yao ya uchumi wa makoloni, iliyokuwa Berlin, ilimtuma Paul Fuchs kuchunguza kama reli ya kusini, kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, ingelipa. Ripoti yake ilichapishwa Berlin mwaka 1905. Mtu wa reli akipita kwenye nchi anaitazama kama fundi anavyoutazama mzigo: pamba kiasi gani, watu wangapi, mpira kiasi gani. Mwezi Julai mwaka huohuo, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, watu waling'oa miche ya pamba ya serikali, na vita vya Majimaji vikaanza. Vilifika Ungoni haraka. Septemba misheni ya Wabenediktini pale Peramiho, iliyoanzishwa 1898, ilichomwa moto. Februari 1906 Nduna Songea Mbano na wenzake walinyongwa hapa mjini. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Reli iliyojengwa ni ile ya kati: Dar es Salaam hadi Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Ya kusini ilibaki kwenye karatasi, na nchi iliyopimwa kwa ajili yake ilikuwa imepoteza watu wale waliohesabiwa.

Waingereza walipoichukua Tanganyika, walikuta mzigo mmoja ambao Songea ilikuwa nao tayari, na ambao haukuhitaji reli kwa kuwa ulikuwa na miguu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na wilaya ya Songea ikawa mojawapo ya vituo vyake vikubwa. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Babu yetu alikuwa mmoja wao. Alipelekwa kwa lori hadi shamba la mkonge karibu na Korogwe, na huko ndiko alikoiona reli kwa mara ya kwanza. Si ya treni kubwa. Ilikuwa njia nyembamba ndani ya shamba, ya vitoroli vya kubebea majani ya mkonge kwenda kwenye mashine ya kusindika. Alivisukuma. Alipozeeka alikuwa akituonyesha kwa viganja vyake upana wa njia ile, na upana huo haukubadilika kila alipouonyesha, hata alipokuwa amesahau majina yetu.

Wajerumani na Waingereza walikuwa wamejenga reli zao kuu kwa upana wa mita moja, milimita 1,000. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa 1896, ilichukua kipimo hicho India, ambako vifaa na mafundi vilipatikana. Ya Tanga ilikuwa na kipimo hichohicho, na bahati hiyo ikaonekana thamani yake kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipotandika reli kutoka Voi na kuiunganisha na ya adui yao bila kubadilisha ekseli hata moja. Hata mwaka 1963, wakati reli ya Tanga na ya kati zilipounganishwa kupitia Ruvu na Mnyusi, kilichorahisisha kazi ni uamuzi wa watu waliokwisha kufa. Lakini humohumo Usambara kulikuwa na njia ya Sigi, ya kubebea mbao za Amani, yenye upana wa milimita 750. Gogo lilishuka mlimani, likifika Tengeni linapakuliwa na kupakiwa upya. Kama wewe ni seremala, hebu fikiria gharama ya kulishika gogo mara mbili.

Kisha zikaja karanga. Wengi tumesoma habari za Kongwa shuleni, na tumecheka vya kutosha matrekta yaliyoshindwa na mizizi ya mibuyu. Kusini hatukusimuliwa sana. Mpango wa 1946 ulitaka mashamba 107, kila moja ekari 30,000, na zaidi ya nusu yake yawe katika Jimbo la Kusini. Hesabu ya mzigo ilifanyika mezani: ekari kadhaa, mavuno kadhaa kwa ekari, hivyo tani kadhaa za kupeleka pwani. Kutokana na tani hizo ikachorwa reli, na kutokana na reli ikachorwa bandari ya maji marefu Mtwara. Mwaka 1949 treni ilikwenda kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango, hasara ikiwa takriban paundi milioni 36. Reli ilikuwa bado inaendelea kujengwa. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa 1954, reli ikaunganishwa nayo, na 1958 ikasogezwa hadi Masasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa.

Mara nyingi tunaambiwa kosa lilikuwa kwenye karanga. Nadhani kosa la reli lilikuwa tofauti kidogo. Walichagua ukubwa sahihi kwa mzigo wa kwenye karatasi, na hakuna aliyekuwa tayari kujenga kwa ajili ya mzigo uliokuwepo: korosho, mbao na abiria. Reli ikingoja karanga, ikazeeka.

TAZARA ilijengwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wachina walitandika reli yenye upana wa milimita 1,067, kwa kuwa Zambia ilikuwa tayari na kipimo hicho kilichotoka Afrika Kusini. Ulikuwa uamuzi wa busara ukiutazama kutoka Lusaka. Ukiutazama kutoka Morogoro, tofauti ya milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne, ilimaanisha kwamba behewa la reli ya kati haliwezi kuingia TAZARA. Mwaka 1998 ndipo kilipofunguliwa kituo cha Kidatu cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine. Tengeni tena, kwa kreni. Na ile tani milioni 2 kwa mwaka ambayo TAZARA ilikusudiwa kuibeba haijawahi kufikiwa.

Kwetu ilituletea Makambako. Huko ndiko kituo chetu cha karibu, na miaka ya 1980 barabara ya lami ikajengwa kutoka hapo kupitia Njombe hadi Songea. Tangu hapo kila kizazi kimechorewa reli yake: Mtwara hadi Mbamba Bay, kupitia Songea, na matawi ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Safari hii michoro inasema milimita 1,435, kipimo cha SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Reli ya SGR ina uzito wa kilo 60 kwa kila mita, na imesanifiwa kubeba tani 35 kwa ekseli. Nilimsomea mdogo wangu namba hizo kwenye simu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa kitanda chake kinakuwaje?"

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye katalogi.

Kwa maana nilikuwa nimemaliza hesabu ya mzigo, na jibu lake lilikuwa limenishangaza. Kila behewa lina kiwango chake cha mzigo, na katika katalogi niliyoisoma namba 15 ina karibu kilonyutoni 11, namba 20 karibu 18, namba 25 karibu 26. Kilonyutoni 1 ni kama uzito wa kilo 100. Unachukua kiwango hicho, unakigawa kwa mzigo halisi, jibu unalizidisha lenyewe mara tatu, kisha unazidisha kwa kilomita 50. Unapata umbali ambao behewa linatarajiwa kutembea kabla chuma chake hakijaanza kuchoka. Daraja lake na mota vina kilo kama 40, zikigawanywa kwa mabehewa manne. Nikaongeza nguvu ya kisu kinapokata mninga, nikaongeza na ule mzigo wa kupindua unaotokana na mota kuning'inia mbele, nikawa na hofu nikaongeza tena. Behewa lililoonewa kuliko yote likapata nusu kilonyutoni. Namba 15, ndogo kuliko zote kwenye orodha, ikatoa zaidi ya kilomita 500,000. Ni zaidi ya mara 12 kuizunguka dunia, kwa mashine ambayo haitatoka nje ya karakana.

"Kwa hiyo hata 15 inatosha?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyevunjwa moyo.

Kwa mzigo, ndiyo. Lakini milango haikuharibiwa na uchovu wa chuma. Iliharibiwa na kupinda. Na huko mbele adui wake mkubwa atakuwa unga wa mninga, ambao ukiingia kwenye grisi unakuwa msasa. Hayo hayamo kwenye ile hesabu. Nilimpelekea fundi mmoja mzee namba zangu, mstaafu aliyejifunza ufundi chuma kwa wamisionari wa Peramiho, na hakuzitazama hata kidogo. Alikwenda kwenye ile meza, akaweka rula ya chuma juu yake, akachutama na kuangalia mwanga unaopita chini ya rula.

Meza ilikuwa imeundwa kwa mabomba ya mraba yaliyochomelewa, na kila panapochomelewa chuma huvuta. Mwanga ulipita mahali pawili.

Alitueleza kitu ambacho mimi nilikuwa nimekisoma kwa jina la Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi kwa Maudslay, na ambaye mwaka 1840 aliwaeleza wanasayansi waliokutana Glasgow namna ya kupata uso wa chuma ulio bapa kweli. Mzee hakumtaja. Kwake ilikuwa kazi ya mikono tu. Ukiwa na sahani mbili za chuma, alisema, ukizipaka rangi na kuzisugua pamoja, ukawa unakwangua panapogusana, zitafika mahali zinakubaliana kabisa, na bado zote mbili si bapa: moja imefura, nyingine ina bonde. "Mbili zinaweza kudanganyana. Lazima uwe na ya tatu." Ya tatu ikikubaliana na kila moja kati ya zile mbili, na zile mbili zikakubaliana zenyewe, hapo hakuna pa kujificha.

Kisha akasema kuhusu namba 30. Reli kubwa ni ngumu. Ukiifunga juu ya kitanda kilichopinda, haitakubali kupinda kirahisi, na ikikubali, mabehewa yatabanwa kwa nguvu ambayo hakuna aliyeihesabu, na gololi zitalia. Reli ndogo sana nayo itafuata kila kosa la kitanda kama nguo inavyofuata mwili. Kwa kitanda kile, baada ya kukinyoosha kadiri tunavyoweza, yeye angechukua namba 20, na pesa zinazobaki kwenye tofauti ya bei azitumie kwenye bamba za chuma za kuweka chini ya reli, zilizosawazishwa kwa mashine. Boliti za namba 20 ni za milimita 5, na hizo zinapatikana Songea. Ya mwisho hiyo ndiyo iliyomshawishi mdogo wangu kuliko fizikia yote.

Reli zilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, zimefungwa ndani ya bomba la plastiki la maji. Zilikuwa na mhuri wa kiwanda cha Uchina. Liganga iko upande wa pili wa milima, Ludewa, ambako Wapangwa waliyeyusha chuma na kufua majembe miaka mingi kabla ya katalogi yoyote. Kutoka hapa ni karibu kuliko Dar es Salaam, achilia mbali Uchina. Mdogo wangu alilipia bomba lile nauli ya abiria mmoja, akalalamika hadi nyumbani.

Tulifunga Jumapili, baada ya misa. Mita 1.2 kila moja, tundu moja kila milimita 60, boliti 40 kwa jumla. Reli ya kwanza ilifungwa ikabanwa kabisa, ikisukumwa kwenye ukingo ulionyooshwa. Ya pili ilishikizwa tu, boliti zikiwa legevu, kisha daraja likasukumwa polepole kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila lilipopita, boliti iliyo nyuma yake ikakazwa. Kwa njia hiyo reli ya kwanza ndiyo inayoiambia ya pili mahali pa kulala. Mzee alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, amefumba macho, anasikiliza.

Kwenye boliti ya tisa akainua mkono. Sisi hatukusikia kitu. Akalegeza, akachana kipande cha karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, akakiingiza chini ya reli, akakaza tena. Daraja likapita.

Alitaka kulipima kwa saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha sehemu ya mia ya milimita. Tulipoiweka, mshale ukawa unatetemeka wenyewe. Nje lilikuwa linapita lori la makaa ya mawe kutoka Mbinga, na nyuma yake jingine, yote yakielekea Tunduru na bandari ya Mtwara. Sakafu ilikuwa inatikisika. Mzee akatuambia tungoje yapite. Tukangoja, tukahesabu malori saba, na la saba lilipokata kona mshale ukatulia.